Mafuta ya Tanganyika na Maji Yake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi bonde la ufa lilivyolizaa ziwa letu. Leo tuulize kisima cha mafuta hunywa maji ya nani.

Mafuta yamejibana ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, yakisukumwa na kani ya huko chini. Kadiri yanavyotoka kani hupungua, ndipo kampuni hushindilia maji ardhini ili yayasukume yaliyobaki. Kule Lokichar, Turkana, nchini Kenya, mafuta yaligunduliwa mwaka 2012 katika nchi kame, ambako mfugaji huchimba mchanga wa mto uliokauka apate maji ya mbuzi. Mpango wa uzalishaji ukategemea bomba refu kutoka bwawa la Turkwel. Nchini Uganda, visima vya Tilenga vimepangiwa maji ya Ziwa Albert.

Msomaji wa Fizi atasema hayo ni ya jangwani, sisi tuna Tanganyika yenye kina cha hadi mita 1,470. Kweli, wingi si tatizo letu. Lakini mji wa Baraka uko ufukweni na kipindupindu kinaurudia. Watu huchota ziwani kwa bidoni na kunywa hivyo hivyo. Tunachokosa ni maji safi, na mafuta hugusa hapo hapo.

Kisima hakitoi mafuta matupu. Hutoa pia maji ya chumvi yenye mabaki ya mafuta, na kikizeeka maji hayo huweza kuyapita mafuta kwa wingi. Yakirudishwa chini kwa uangalifu, sawa. Yakimwagwa je? Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga pale Kalemie. Maji yake mengi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Hasara itabaki kwa samaki wetu, ndakala na mgebuka, yaani kwa mvuvi wa Ubwari.

Julai 2022 Kinshasa ilinadi vitalu 27 vya mafuta, 11 vikiwa upande wa Tanganyika. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Mimi sioni kwamba shauri limezikwa: mafuta yakipanda bei, wanunuzi watarudi.

Mkataba wa ziwa uliotiwa saini mwaka 2003 na Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia unadai athari za mradi zichunguzwe kabla haujaanza. Wabunge wetu, wakuu wa vijiji na vyama vya wavuvi, daini uchunguzi huo sasa, kwa maandishi, na usomwe hadharani kwa Kiswahili.