Sanduku la jua laweza kuokoa nta inayotupwa Adu

Asali ikishakamuliwa, mara nyingi masega hutupwa nyuma ya nyumba, na kufikia jioni siafu huwa wamekwisha kuyavamia. Ndivyo mambo yalivyo katika sehemu nyingi kavu za nchi ambako asali hurinwa kutoka mizinga ya magogo, na wadi ya Adu, katika eneo bunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi, ni sehemu ya namna hiyo. Kinachotupwa ni nta, ambayo ni karibu kilo moja kwa kila kilo 10 za mavuno.

Nta si mali ngeni pwani. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba wafanyabiashara wa Cambay, India, walikuwa wakija Malindi kuchukua dhahabu, pembe za ndovu na nta. Leo huhitajiwa na watengenezaji wa mishumaa, dawa ya viatu na mafuta ya midomo, pamoja na wachoraji wa batiki. Lakini mnunuzi hataki masega yenye uchafu. Anataka nta safi iliyoyeyushwa na kugandishwa.

Hapo ndipo penye tatizo. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto kati ya 62 na 64 hivi. Anayeibandika sufuria ya nta moja kwa moja juu ya moto huiharibu rangi na harufu, na ikishika moto, kuimwagia maji ni kuutawanya moto huo. Kuni nazo hazipatikani bure.

Sanduku la jua huondoa taabu hiyo, na seremala yeyote wa kijijini aweza kulitengeneza. Ni kasha la mbao lisilo na nyufa, lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa kwa kioo. Ndani huwekwa sinia ya alumini iliyoinamishwa kidogo, na mbele yake chujio la waya na bakuli lenye maji kidogo. Mwanga wa jua hupenya kioo, ukageuka joto ambalo halipati njia ya kutoka. Kufikia adhuhuri nta huanza kutiririka bakulini, takataka zikabaki juu ya waya. Jioni hutolewa ikiwa kipande kigumu cha manjano. Adu iko takriban digrii tatu tu kusini mwa ikweta, jua hupita karibu utosini, kwa hiyo hakuna haja ya kuliegemeza sanduku sana kama wafanyavyo Wazungu kwao.

Wazungu wenyewe wana sanduku la jamaa moja na hili. Wakenya wanaomkumbuka Philip Boit, aliyeshindana katika mbio za kuteleza kwenye theluji huko Nagano, Japani, mwaka 1998, huenda hawajui kwamba mbao za mchezo huo hupakwa nta ya namna yake, kisha huweza kulazwa kwa saa kadhaa ndani ya kasha lenye joto la wastani ili nta ipenye. Mafundi wengine hujiundia kasha hilo nyumbani. Kanuni ni ileile: joto dogo la muda mrefu hufanya kazi ambayo moto mkali ungeiharibu.

Sanduku lina mipaka yake. Masega meusi ya zamani yamejaa maganda ya viluwiluwi yanayofyonza nta, na hayo hutoa zaidi yakichemshwa katika maji na kukamuliwa. Masega yaoshwe kwanza, kwani asali iliyosalia huungua. Yasirundikwe kwa wiki nyingi, maana nondo wa nta watayamaliza. Kioo nacho kifungwe barabara, la sivyo nyuki watarudi kudai chao.

Hata asiye na mnunuzi ana sababu ya kuihifadhi nta. Ukame ulioikumba Kilifi kati ya 2021 na 2022 uliwakumbusha wafugaji kwamba maua na maji yakikosekana, nyuki huhama. Mvua ikirudi na makundi yakaanza kutafuta makao, mzinga uliosuguliwa nta ndani huwavutia kuliko ule unaonuka mbao tupu. Kipande kidogo chatosha mizinga kadhaa, nacho hukaa miaka bila kuoza.