Sabufa Iliyokuwa Bubu Katikati ya Sebule

Baba mdogo aliuza kakao msimu ule, akarudi Katumba Songwe na sabufa imefungwa nyuma ya bodaboda. Nilipokwenda kuwasalimu nikakuta ugomvi. Yeye, kwenye kiti chake katikati ya sebule, analalamika kuwa ameuziwa sabufa isiyo na besi, na kila jioni anazidi kuongeza. Mama mdogo hukaa kwenye kochi la ukutani, na kwake ni kilio kingine: kifua kinatikisika. "Mwanangu, mwambie baba yako apunguze," aliniambia shikamoo yangu ikiwa bado hewani.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Katika joto la Kyela, tuseme nyuzi 30, sauti hukimbia karibu mita 350 kwa sekunde. (Tukuyu, kwenye baridi, inachelewa kidogo.) Besi nzito yenye mitetemo 50 kwa sekunde, basi, wimbi lake lina urefu wa mita 7. Niliazima futi ya fundi seremala nikapima sebule: kutoka ukuta wa televisheni hadi ukuta wa kochi ni mita tatu na nusu. Nusu ya wimbi, bila kupungua.

Chukua karai la maji uliyumbishe taratibu. Maji yatapanda ukingo wa huku, yatashuka, yatapanda ukingo wa kule, lakini pale katikati hayapandi wala hayashuki. Hewa ya sebule hufanya vivyo hivyo. Matofali ya kuchoma hayanyonyi besi, yanairudisha, na wimbi linalokwenda likikutana na linalorudi hubaki linayumba papo hapo. Kwenye kuta shinikizo la hewa hupanda na kushuka kwa nguvu, na katikati karibu linatulia. Sikio linachosikia ni hilo shinikizo. Mama mdogo alikuwa kwenye ukingo wa karai, baba mdogo kitovuni.

Mjerumani Ernst Chladni aliwaonyesha watu jambo la namna hii kwa macho mwaka 1787. Alinyunyiza mchanga juu ya bamba la chuma, akasugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Mchanga ulikimbia sehemu zinazotikisika ukajipanga mistari kwenye zile zilizotulia. Kiti cha baba mdogo kilikuwa kimekaa juu ya mstari wa mchanga.

Kwa hiyo kitufe cha besi hakina kosa. Ungeihamisha sabufa hadi Kasumulu mpakani, mradi kiti hakisogei, besi ile isingesikika vizuri. Nikamwomba akirudishe kiti nyuma kama hatua moja. Alikataa, kwa sababu pale alipo anaona barabara kupitia mlangoni, na mtu mzima haachi kuona nani anapita. Ilibidi mama mdogo aingilie.

Kiti kilipohama tukafanya kichekesho ambacho mafundi wa sauti wanakijua. Sabufa tuliipandisha kitini, mahali pa baba mwenyewe, tukaweka wimbo wenye besi isiyokatika, nami nikatambaa sakafuni kando ya kuta nikitega sikio. Watoto walijaa mlangoni wakicheka. Kanuni yake ni ya karne ya 19, waliishughulikia akina Helmholtz na Rayleigh: msemaji na msikilizaji wakibadilishana nafasi, sauti inayofika ni ileile. Basi palipo na besi safi nikiwa natambaa, ndipo sabufa ikiwekwa itamfikia vizuri aliye kitini. Kwenye kona besi ilikuwa inavuma kama ng'ombe aliyefungiwa. Karibu na mlango, kwenye ukuta wa pembeni, ilikuwa kavu, kila pigo peke yake. Tukaiweka hapo. Kitufe kikateremshwa hadi nusu, na baba mdogo akasema leo ndiyo wameileta nzima.

Zikabaki spika ndogo mbili. Mtangazaji wa mpira alisikika kama yuko kila mahali na hayuko popote. Panya walikuwa wamekula waya wa spika moja na baba mdogo akauunga mwenyewe, mwekundu kwa mweusi. Spika moja ikisukuma hewa, mwenzake anavuta, na sauti iliyopaswa kukutana katikati, chini ya televisheni, inavurugika. Tulipougeuza, mtangazaji akarudi kwenye kioo. Lakini bado aliegemea kushoto, maana spika ya kushoto ilikuwa juu ya kabati, karibu na kiti. Mwaka 1949 Helmut Haas, huko Göttingen, alieleza kwamba sauti moja ikitufikia kutoka pande mbili kwa tofauti ya sehemu chache za elfu za sekunde, tunaamini ile iliyotangulia. Mita moja ya ziada ni karibu sehemu 3 za elfu. Futi ya fundi ikatumika tena, spika zikawa umbali mmoja kutoka kitini.

Usiku ukaleta neno jipya. Mama mdogo alipotaka kulala sauti ilipunguzwa, na besi ikapotea kabisa. Hapo ni sikio lenyewe. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, waliwapa watu milio ya kulinganisha, wakaona kuwa sauti ikiwa ndogo sikio ni zito mno kwa besi. Kwa sauti ya kiasi cha maongezi ya chini, besi ya mitetemo 50 inahitaji zaidi ya desibeli 30 juu ya mlio wa mitetemo 1000 ndipo tuzione sawa, na desibeli 30 ni nguvu mara elfu. Sauti ikipanda, pengo hupungua. Ndiyo maana besi iliyopangwa mchana wa mechi haifai saa nne usiku, na ukiipanga usiku, kesho mchana itawaamsha majirani wa ng'ambo ya shamba la mpunga. Mimi ningepanga kwa sauti anayoitumia zaidi na kuishia hapo. Baba mdogo anapenda kuzungusha.

Asubuhi nikiaga nilikuta kioo kimoja cha dirisha kinalia kwenye noti moja tu ya besi. Mama mdogo alikuwa amekwisha kukata kipande cha kandambili na kukibana pembeni ya fremu.