Kufundisha Ramani ya Teknolojia: Somo la Pamba katika Darasa la Sita

1. Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha katika shule ya msingi hana budi siku moja kukabiliana na swali ambalo watoto huliuliza bila kificho: kwa nini nchi inayolima pamba hununua nguo kutoka nje? Majibu mepesi yapo. Mmoja atasema hatuna viwanda vya kutosha. Mwingine atasema hatuna fedha. Majibu hayo hayamfundishi mtoto jambo kubwa, kwa kuwa yanamwacha akidhani kwamba viwanda huota vyenyewe mahali penye fedha. Makala haya yanakusudia kueleza wazo litakalomsaidia mwalimu kulijibu swali hilo barabara, yaani ramani ya teknolojia, na kisha kuonyesha namna linavyoweza kufundishwa kwa ubao, chaki na pamba kidogo.

2. Maana ya ramani ya teknolojia

Ramani ya teknolojia ni maelezo yaliyopangwa kwa miaka, yanayoonyesha nchi au tasnia inataka kufika wapi, ina ujuzi na mitambo gani leo, na ni mambo gani sharti yatangulie ili mengine yawezekane. Haifanani na orodha ya matumaini. Orodha husema, “Tunataka kiwanda cha nguo.” Ramani huuliza: kiwanda hicho kitatumia uzi gani? Uzi huo utatoka kwenye pamba ya namna gani? Nani atatengeneza mtambo utakapoharibika, na atakuwa amejifunza wapi? Basi ramani hutungwa kwa kuanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kufika pale tulipo.

Shabaha yake ni kuipa tasnia uwezo wa kushindana. Neno hili lielezwe kwa lugha ya sokoni. Mnunuzi anaposhika kanga mbili hulinganisha bei, uimara wa kitambaa na uzuri wa rangi. Mwenye duka, naye, huangalia kama mzigo utafika kwa wakati. Kiwanda kinachoshindwa katika mambo hayo hupoteza wateja hata kama wananchi wanakipenda.

3. Mfano wa Marekani

Mfano unaojulikana sana ni ule wa vipande vidogo vya silikoni vinavyotumika ndani ya kompyuta, redio na simu. Katika miaka ya katikati ya 1980, makampuni ya Japani yaliyapita yale ya Marekani katika kutengeneza vipande vya kuhifadhi kumbukumbu. Mwaka 1987 makampuni 14 ya Marekani, yakisaidiwa na fedha za serikali yao, yaliunda chombo cha utafiti wa pamoja kilichoitwa SEMATECH, nacho kikaweka makao yake Austin, Texas. Kuanzia mwaka 1992 wataalamu wa tasnia hiyo walikaa pamoja kutunga ramani ya taifa iliyotazama miaka 15 mbele. Matoleo mengine yalifuata mwaka 1994 na 1997. Baadaye Ulaya, Japani, Korea na Taiwan zilishirikishwa, na mwaka 1999 ikatoka ramani ya kimataifa. Toleo la mwisho la mfululizo huo lilikuwa la mwaka 2015.

Ndani ya ramani hizo za kimataifa mlikuwa na majedwali yaliyotiwa rangi. Chumba cheupe kilimaanisha kwamba njia ya kutengeneza kitu hicho ipo na inaboreshwa. Chumba cha njano kilimaanisha kwamba njia inajulikana, bali haijawa tayari kiwandani. Chumba chekundu kilimaanisha kwamba njia bado haijulikani. Mtu yeyote aliyetazama jedwali aliona papo hapo mahali ambapo watafiti walipaswa kuelekeza nguvu zao, na mtengenezaji wa mitambo alijua atatakiwa kuwa na nini mwaka gani. Faida kubwa ya ramani ilikuwa hiyo: watu wengi wasioamriwa na mkuu mmoja waliweza kwenda kwa mwendo mmoja.

Hata hivyo, mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba ramani peke yake iliinyanyua tasnia ya Marekani. Kulikuwa pia na mapatano ya biashara na Japani ya mwaka 1986, ushindani mpya kutoka Korea, na uamuzi wa baadhi ya makampuni kuacha vipande vya kumbukumbu na kushika vile vinavyoendesha kompyuta. Ramani humwonyesha msafiri njia. Miguu ni yake mwenyewe.

4. Funzo la Tanzania

Tanzania nayo imewahi kupanga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, mwaka 1979. Na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, mwaka 1986. Mkakati wa viwanda vya msingi ulikusudiwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1995. Lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 viwanda vingi vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimegharimu fedha nyingi, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa haba. Mitambo ilikuwapo; vilivyoitegemeza mitambo havikuwapo. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na anayejenga jengo la kiwanda kabla ya kufikiria umeme, maji, vipuri na mafundi ametangulia tu.

Baadaye nchi ilitoa mkakati wa pamba hadi mavazi kwa miaka 2016 hadi 2020, uliotazama mnyororo wote kuanzia shambani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba nyuzi imeendelea kusafirishwa nje katika marobota, kabla haijasokotwa. Hili ndilo jambo la kuwafikirisha watoto, hasa wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambao wazazi wao wengi hungoja bei inayoamuliwa mbali sana na mashamba yao.

5. Namna ya kufundisha

Somo hili lahitaji vipindi viwili. Zana ni pamba mbegu kidogo, kipande cha kitambaa, na chaki nyeupe, njano na nyekundu.

Kipindi cha kwanza. Gawa pamba kwa kila kundi. Wanafunzi waitenge mbegu na nyuzi kwa vidole, kisha walinganishe uzito. Wataona kwamba mbegu ni nzito zaidi: katika kilo 3 za pamba mbegu hupatikana takriban kilo 1 tu ya pamba nyuzi. Kisha wavute nyuzi bila kuzisokota. Zitaachana mara moja. Wazisokote kwa vidole na kuvuta tena, sasa zitashikamana. Waulize: kwa nini nyuzi fupi au zenye takataka hutoa uzi unaokatika? Kwa zoezi hilo watakuwa wameelewa wenyewe kwamba ubora wa kanga huanzia katika mbegu na usafi wa kuvuna. Mwisho wafumue kile kitambaa na kuona jinsi nyuzi zilivyopishana.

Kipindi cha pili. Andika hatua sita ubaoni, ukianzia na ya mwisho: kushona, kutia rangi, kufuma, kusokota, kuchambua, kulima. Mbele ya kila hatua chora safu nne: leo, baada ya miaka 5, miaka 10 na miaka 15. Kila kundi lipewe hatua moja na lijibu maswali matatu: Hatua hii yahitaji nini? Tunacho? Kama hatuna, tukipate kwa njia gani? Kisha kundi lipake vyumba vyake rangi kwa kufuata kanuni iliyoelezwa hapo juu.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Katika ramani ya silikoni, chumba chekundu kilikuwa kitu ambacho watengenezaji wote bado walikitafuta. Katika ramani yetu ya pamba, kitu tusichonacho mara nyingi kinajulikana kwingineko. Kwa hiyo darasa halina budi kuchagua: tununue mtambo, tupeleke vijana wakajifunze, au tubuni chetu? Kila uchaguzi una gharama yake. Anayenunua mtambo hupata kitambaa mapema, lakini atategemea vipuri vya muuzaji. Anayesomesha fundi husubiri miaka, lakini ujuzi hubaki nchini. Waache wanafunzi wabishane kwa hoja. Usiharakishe kuwapa jibu.

6. Mambo ya kuepuka

Kwanza, usiwaandikie wanafunzi ramani iliyokamilika wakainakili. Pili, usiwaache wadhani kwamba teknolojia ni mitambo tu. Kuvuna pamba safi na kupima uzito kwa haki ni teknolojia pia. Tatu, usiruhusu chumba kipakwe cheupe kwa kuwa tunatamani kiwe cheupe. Kundi lieleze ushahidi wake: nani ameona, wapi, na lini. Ramani ya uongo ni hasara kuliko kukosa ramani, maana humpeleka msafiri jangwani akiwa na matumaini.

7. Hitimisho

Upimaji wa somo hili usiwe wa kukariri miaka na majina. Mpe mwanafunzi zao jingine, kwa mfano alizeti, ngozi au korosho, na umtake aanze na bidhaa iliyo dukani, arudi nyuma mpaka shambani au zizini, akionyesha kila mahali ni nini sharti kitangulie. Akiweza kufanya hivyo bila msaada wako, amepata chombo cha kufikiri kitakachomfaa awe mkulima, fundi, diwani au waziri.