Hadhari ya Ugogo na Karanga za Kongwa

Msafiri atokaye Dodoma, akiishika njia ya mashariki hata akawasili Kongwa, huwa amefika mahali ambapo dola yenye mali, wataalamu na mitambo ilifedheheshwa na udongo.

Mwaka 1946, Uingereza ikiwa imetoka vitani nayo ina dhiki ya mafuta ya kupikia, ujumbe wa John Wakefield ulizunguka kwa majuma machache, sehemu ya ardhi ukiitazama kutoka angani, kisha ukashauri zilimwe karanga katika eka 3,210,000, zilizo nyingi zikiwa Tanganyika. Nia haikuwa mbaya. Kilichopungua ni taamuli. Kazi ilianza Kongwa kwa hima mwaka 1947, kwa matrekta ambayo mengi yalikuwa masalio ya vita: mibuyu ikayashinda, mvua ikawa haba, na udongo wa mfinyanzi, ulipopigwa na jua la kiangazi, ukashupaa hata karanga zising'oleke. Januari 1951 mradi ukaachwa, hasara yake ikikadiriwa kuwa pauni milioni 36.

Ilhali wenyeji walikuwapo, nao walikuwa na ilimu isiyohitaji ndege. Wagogo, walioionja Mtunya, ile njaa kuu iliyoanza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walishika uwele na mtama kwa sababu hustahimili ukame, na mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja, bali aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa vijiji vya mbali, ili maradhi yakiingia huku, asalie na mbegu kule. Hiyo ndiyo tadbiri, nayo haina uhusiano wowote na woga.

Wala kukawia peke yake si busara. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na sheria ya kuutangaza mji huu kuwa makao makuu ikapatikana mwaka 2018. Sidhani yupo awezaye kuyaita makawio yote hayo taamuli.

Basi kiongozi ajaye na mradi wa kilimo katika nyanda hizi, kabla hajaidhinisha hata shilingi moja, na aende kwanza Kongwa akawaulize wazee wanaolima huko mvua hukatika mwezi gani, na majibu yao ayaandike.