Mkate wa Ufunguo

Mimi nimejifunza kuoka mkate wenye umbo la ufunguo, hapa hapa Temple Hills, na naona niwagawieni maarifa.

Mkate wenyewe ni challah, ule ambao Wayahudi hula siku ya Sabato. Kwa kawaida husukwa kama nywele. Lakini Sabato ya kwanza baada ya Pasaka yao, baadhi ya Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki huupa umbo la ufunguo. Siku nane nzima wanakuwa hawajagusa mkate wenye hamira, kwa hiyo unasubiriwa kwa hamu.

Kwa nini ufunguo? Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Iliyonigusa nilielezwa na dada mmoja Myahudi tunayesoma naye. Jangwani Waisraeli walilishwa mana miaka 40. Kitabu cha Yoshua, sura ya 5, kinasema walipofanya Pasaka katika nchi ya Kanaani walikula mazao ya nchi, na mana ikakoma. Kuanzia hapo, ukitaka kula, lima. Ndipo watu wanaomba wafunguliwe mlango wa riziki.

Jamani, nilinyamaza. Ufadhili wangu unakwisha Mei. Miaka minne mana imeshuka kila muhula, na nyumbani wadogo zangu wawili wananitazamia mimi kwa ada. Nikasema, huu mkate lazima niuoke.

Changanya unga wa ngano nusu kilo, hamira vijiko viwili vya chai, sukari vijiko vitatu vya chakula na chumvi kijiko kimoja cha chai. Tia mayai mawili, mafuta robo kikombe, na maji vuguvugu kidogo kidogo, kama robo tatu ya kikombe. Usitie maziwa wala siagi, maana kwa sheria yao mkate wa maziwa hauliwi pamoja na nyama. Kanda dakika kumi, funika, acha saa moja na nusu uumuke.

Sasa umbo. Donge moja lifanye pete, hicho ndicho kichwa. Jingine ligawe mara tatu, usuke mpini. Bandika vipande viwili vidogo viwe meno. Tundu la pete liwe kubwa. Langu la kwanza liliziba, ufunguo ukafanana na mwiko! Acha nusu saa, paka yai, nyunyiza ufuta, oka nyuzi 180 za Selsiasi kama dakika 30.

Wapo wanaofukia ufunguo wa kweli ndani ya donge. Mimi siwashauri, meno ni ghali nchi hii.

Tuliumega watu watano, na chai ya tangawizi. Sijawa Myahudi. Ila wale watu walipokosa mana hawakurudi jangwani, walikwenda shambani. Jumatatu yake nilituma maombi matatu ya kazi.

Ukishuka kituo cha Naylor Road nipigie. Unga upo.