Majina ya Vyombo vya Maji Nyumbani: Yafaa Kila Mwenye Nyumba Ayajue

Usiku mmoja wa masika, hapa Wundanyi, paipu iliyo nyuma ya jiko langu ilipasuka. Shemeji yangu, aliyetutembelea kutoka Mombasa, ndiye aliyesikia kwanza, akapiga kelele, "Fungeni mfereji!" Kijana wangu alitwaa jembe akakimbia shambani kuuziba mfereji tunaonyweshea mboga. Mimi nilikwenda jikoni nikalikaza bomba la sinki kwa nguvu zangu zote. Maji hayakukoma. Tulipokuja kuipata koki yenyewe, iliyofichwa na majani karibu na ua, gunia zima la maharagwe lilikuwa limelowa chapachapa.

Hatukuwa wavivu usiku ule. Kilichotuponza ni neno. Kwa watu wa pwani, mfereji ni mahali maji yanapotokea nyumbani. Kwetu milimani, mfereji ni njia ya maji ya shamba. Neno bomba tulilipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni pampu. Lakini sisi twaita hivyo pampu, paipu, na hata ile koki ya kuchotea. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana neno bilula. Yote ni maneno mema, lakini mwenye nyumba asiyejua kuyatenganisha atapoteza maji na fedha. Basi na tuyafuate maji tangu yatokapo mpaka yaendapo, tukitaja kila kitu kwa jina na kazi yake.

KUTOKA CHEMCHEMI

Voi hupata maji ya Mzima, yanayopita katika mabomba makubwa yaendayo Mombasa, yaliyojengwa miaka ya 1950. Lakini huku juu, chini ya vilele kama Vuria chenye meta 2,208, nyumba nyingi hutegemea chemchemi na vijito, na maji hushuka yenyewe bila pampu. Neema hiyo ina hatari yake. Kila meta 10 ambazo maji hushuka, nguvu yake huongezeka kadiri ya kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Nyumba iliyo meta 100 chini ya tangi hupokea kilo 10. Tena nguvu hiyo huzidi usiku, watu wote wanapofunga koki zao na maji yakasimama. Ndiyo sababu paipu dhaifu hupasuka tumelala.

Dawa yake ni tangi la kupunguza nguvu. Ni tangi dogo, lililojengwa katikati ya mteremko, ambamo maji hupumzika kisha huanza safari upya kama kwamba yametoka hapo. Msilipite kwa paipu ya njia ya mkato ili mpate maji ya kasi; kasi hiyo italipiwa na jirani wa chini.

Kadhalika, paipu ipitapo juu ya kilima hukusanya hewa, na maji hukoma ingawa tangi limejaa. Hapo huwekwa valvu ya hewa. Na bondeni, ambako mchanga hutulia, huwekwa koki ya kusafishia paipu.

KOKI NA VALVU

Koki ya kuchotea ndiyo tuionayo kila siku. Koki ya njia ni nyingine: haitoi maji nje, bali huyazuia ndani ya paipu yasifike nyumbani. Hii ndiyo niliyoitafuta usiku ule. Kila mtu wa nyumba, hata mtoto, aonyeshwe ilipo, na majani yaliyoizunguka yafyekwe. Kuifunga, geuza kuelekea kulia kama mshale wa saa.

Valvu ya geti ina bamba ndani lipandalo na kushuka kama mlango. Ifunguliwe yote au ifungwe yote; ikiachwa nusu, maji hulila lile bamba, na siku ya haja haitafunga. Valvu ya kuzuia kurudi huruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na mshale uliochorwa juu yake huonyesha upande huo. Ndani ya tangi la nyumbani kuna valvu ya boya: maji yakipanda, boya huelea na kuifunga.

Koki ikidondoka, mara nyingi ugonjwa ni washa, kile kipande kidogo cha mpira kilicho ndani. Wengi huikaza zaidi na zaidi mpaka wakaivunja, ilhali washa ni kitu cha bei ndogo sana. Weka ndoo ya lita 20 chini yake. Ikijaa kwa mchana na usiku mmoja, umepoteza lita 600 kwa mwezi.

UENDAPO DUKANI

Niliteremka Voi kununua koki mpya ya njia. Nilisema tu, "Nipe koki ya nusu inchi," nikapewa ya kuchotea, nami nikarudi nayo mpaka nyumbani kupitia Mwatate. Nauli ya safari ya pili ilinifundisha kutaja mambo matatu: kazi ya kitu, kipimo chake, na meno yake. Chenye meno nje huitwa dume. Chenye meno ndani huitwa jike. Soketi ni jike pande zote mbili, nipeli ni dume pande zote mbili. Elbo hupinda njia, tii huigawa, na yuniani hufunguka bila kuzungusha paipu nzima.

Angalieni vipimo pia. Paipu ya chuma hutajwa kwa inchi, kufuata tundu lake. Zile za plastiki zinazounganishwa kwa moto hutajwa kwa milimita, kufuata unene wa nje. Hivyo ya milimita 20 ndiyo huenda na nusu inchi ya chuma. Lililo jema kupita yote ni kuchukua kile kilichoharibika ukamwonyeshe mwenye duka.

MAJI MACHAFU

Chini ya sinki paipu imepindwa, nayo haikupindwa kwa urembo. Maji kidogo hubaki katika mpindo huo yakawa kifuniko, harufu mbaya na mende wasipande. Sinki lisilotumiwa siku nyingi hunuka kwa kuwa maji hayo yamekauka. Mimina kikombe kimoja. Neno karo nalo lina maana mbili: kwa wengine ni mahali pa kuoshea vyombo, kwa wengine ni shimo la maji machafu. Umwulize fundi anasema lipi kabla hajaanza kuchimba, na shimo hilo lisiwe kamwe juu ya chemchemi ya wenzako.

Ndugu msomaji, leo kabla jua halijatua, toka nje na watu wa nyumba yako, uwaonyeshe koki ya njia, na mpatane jina moja la kuiita. Siku paipu itakapopasuka hapatakuwa na nafasi ya kufundishana maneno.