Sinema Tatu Zilizonichekesha na Kuniliza

Ndugu msomaji, wako watu wasemao kwamba sinema ni upuuzi mtupu, na wako wengine waiaminio kuliko maneno ya wazazi wao. Mimi ni mpenzi wa sinema tangu siku zangu za chuo cha ualimu, wala sioni haya kukiri. Nimeona za kuchekesha na za kuhuzunisha, na nyingi nilizisahau kabla sijafika nyumbani. Lakini tatu hazinitoki moyoni. Zote ni za zamani, wala hazina rangi. Nitakueleza kwa nini nazipenda, nawe upime mwenyewe.

Ya kwanza yaitwa The Kid, yaani Mtoto, ya mwaka 1921. Aliyeitunga na kuicheza ni Charlie Chaplin, yule mtu wa kofia nyeusi, fimbo, suruali pana na viatu vikubwa. Maskini huyu asiye na kwao aokota mtoto mchanga aliyeachwa, akamlea katika chumba kibovu. Mtoto akikua kidogo, wafanya kazi pamoja: mtoto hutangulia akivunja vioo vya madirisha kwa mawe, na baba hufuata nyuma akijifanya fundi wa vioo apitaye njia tu. Utacheka hata mbavu zikuume. Lakini siku moja waja watu kumchukua mtoto wampeleke nyumba ya yatima. Mtoto alia akinyoosha mikono, na baba akimbia juu ya mapaa ya nyumba kumfuata. Hapo kicheko chote chakwisha. Chaplin aliyajua mambo hayo. Alizaliwa mwaka 1889, akakulia London, na alipokuwa na miaka 7 aliingizwa nyumba ya maskini pamoja na mama yake na kaka yake, kwa kuwa mama hakuweza tena kuwalisha.

Ya pili yaitwa City Lights, yaani Taa za Mjini, ya mwaka 1931. Wakati ule sinema zilikuwa zimekwisha kuanza kusema, lakini Chaplin alikataa, akaweka muziki. Maskini yule yule ampenda msichana kipofu auzaye maua, naye kipofu adhani huyu ni bwana tajiri. Yuko pia tajiri mmoja wa kweli: akilewa humkumbatia maskini na kumwita rafiki, akilevuka hamjui tena. Ndugu, watu wa namna hiyo huwajui wewe? Maskini apata fedha za kumponya msichana macho, lakini kwa ajili ya fedha hizo atiwa gerezani kama mwizi. Atokapo amevaa matambara. Msichana sasa aona, tena ana duka la maua. Amtazama mtu yule wa matambara, na kabla ya jambo lolote, amcheka. Kisha amwonea huruma, ampa ua na sarafu, na alipomshika mkono, mkono wenyewe wamwambia ni nani. Amemcheka aliyempa macho!

Ya tatu haina kichekesho. Ni ya Italia, ya mwaka 1948, jina lake Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa Baiskeli. Mtengenezaji wake ni Vittorio De Sica. Baada ya vita watu wengi wa Roma hawakuwa na kazi. Antonio apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baiskeli, na ya kwake imewekwa rehani. Mkewe atoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani mahali pake. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli yaibwa. Sisi tubebao ndizi, maji na wagonjwa juu ya baiskeli twajua msiba huo. Antonio aitafuta mji mzima pamoja na mwanawe mdogo, Bruno, bila kuipata. Mwisho, kwa kukata tamaa, yeye mwenyewe aiba baiskeli ya mtu. Watu wamkamata, wampiga makofi, na Bruno aona yote. Mwenye mali amtazama mtoto yule aliaye, akasema aachwe aende. Mtoto amshika baba mkono, wakaondoka.

Picha hiyo tuliionyesha hapa kijijini kwenye shuka jeupe, nami nikisimama kando kuwaeleza watu maneno. Antonio alipoinyakua baiskeli, vijana walicheka. Bruno alipolia, hakuna aliyecheka tena.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza. Miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja alikamatwa gulioni na kuku asiye wake. Watu walimpiga, wakamtembeza na kuku yule akining'inia shingoni. Mimi sikumpiga. Nilicheka tu pamoja na wenzangu. Kando ya njia alisimama msichana mdogo mwenye sare ya shule. Alikuwa binti yake, na jina lake nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu katika daftari la Komunyo ya Kwanza. Alinitazama mimi, si baba yake.

Sisemi kwamba wizi ni neno dogo. Antonio alikosa, na mwenye kuku alikuwa na haki yake. Nasema tu kwamba kila mtu achekwaye ana mtu wa nyumbani amtazamaye.

Basi, mzazi mwenzangu, watoto wetu wataona sinema tu, tupende tusipende, maana siku hizi zimo hata katika simu. Kwa hiyo usiwaachie peke yao. Hizo mbili za Chaplin hazihitaji lugha, na hata bibi asiyejua kusoma atazifuata. Ya Kiitalia yataka mtu wa kueleza. Keti nao, ucheke nao. Ikiisha, waulize swali moja: ulimcheka nani, na kwa nini? Nawe ujibu pia.